Ruzuku Inayofika Kabla ya Maji

Mheshimiwa Mwenyekiti, wawakilishi wa wakfu na mifuko ya ufadhili mliosafiri kutoka Nairobi na kwingineko, maofisa wa serikali za kaunti, masheikh na wachungaji, wenzangu wa vikundi vya kijamii kutoka Tana River, Garissa, Lamu na Kilifi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima. Nawashukuru waandalizi kwa kunipa nafasi ya kuzungumza kuhusu fedha za misaada na jinsi zinavyomfikia, au zinavyochelewa kumfikia, mtu ambaye nyumba yake imezingirwa na maji.

Niliombwa nizungumzie ruzuku za wakfu na mchango wake katika kukabiliana na maafa. Nitasema kutoka mahali ninapopafahamu, yaani bonde la chini la mto Tana, ambako shirika letu dogo linafanya kazi, kwa kuwa jambo hili likizungumzwa kwa ujumla kila mtu hukubali na hakuna anayebadilisha chochote. Hoja yangu ni moja. Ubora wa msaada unaotolewa siku ya maafa huamuliwa na hali ya shirika la kijijini kabla ya siku hiyo, na gharama za kuliweka shirika hilo hai ndizo gharama ambazo wafadhili wengi hawako radhi kuzilipia.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake yanatoka katika safu za Aberdare na Mlima Kenya, yanapita kwenye mabwawa matano ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanashuka Garissa, Hola na Garsen hadi kumwagika baharini Kipini. Kwa sababu hiyo, mkulima wa Garsen anaweza kufurikiwa na maji ilhali kijijini kwake halijadondoka tone la mvua, kwani maji yaliyomfikia ni ya mvua iliyonyesha kwa watu wengine, mbali sana, siku kadhaa zilizopita. Naomba siku hizo kadhaa mziweke akilini, maana nitazirudia.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, na wafugaji wa Kiorma na Kiwardei wakabaki wakihesabu mizoga. Kisha ikaja El Niño ya mwishoni mwa 2023. Barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ilifunikwa na maji sehemu za Gamba na Lango la Simba, na ile ya kuingia Garissa ikakatika karibu na Madogo. Familia nyingi zilikuwa bado hazijarudi makwao zilipokutwa na mvua za masika za 2024, ambazo katika nchi nzima ziliua watu zaidi ya 290. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, boti iliyokuwa ikivusha abiria juu ya barabara iliyofurika ilizama Kona Punda, hapo hapo Madogo, na kabla hatujamaliza kuwatafuta wetu tukapata habari za Mai Mahiu, ambako watu walisombwa wakiwa usingizini. Halafu maji yalipoanza kupungua kwetu, kipindupindu kikaingia.

Sasa tujiulize ni nani alikuwa wa kwanza kufika kwa waliozingirwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilifanya kazi kubwa ambayo sote tunaishuhudia, na walinzi wetu wa pwani na majeshi walileta vyombo. Hata hivyo, kabla ya wote hao walikuwapo vijana wa Kipokomo wenye mitumbwi, wahudumu wa afya ya jamii waliokuwa wakigawa dawa ya kutibu maji mpaka chupa ya mwisho, kina mama wa chama waliovunja sanduku la akiba yao kununua unga, na maimamu na wachungaji waliofungua milango ya nyumba za ibada zilizojengwa mahali pa juu. Watu hawa hawakuhitaji kutumwa, kwa kuwa waliofurikiwa ni jamaa zao na wao wenyewe.

Nataka niwaonyeshe chombo kimoja cha kazi yao, kwa sababu ninaona kuwa ndani yake lipo suala zima tunalolijadili leo. Ni daftari la kawaida la mistari, lenye jalada gumu, la aina ile inayouzwa katika kila duka la vitabu vya shule. Kila kijiji tunachofanya nacho kazi kina daftari lake. Kila kaya ina mstari wake: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, mzee asiyeweza kutembea, mtoto anayetumia dawa kila siku, mama mjamzito na mwezi anaotarajia kujifungua, na nambari ya simu ya kupokelea M-Pesa. Pembeni ya nambari hiyo imeandikwa simu ni ya nani, kwa sababu nyumba nyingi hutumia simu ya mtoto wa kiume aliyeko Malindi au Mombasa, na msaada ukitumwa bila kujua hilo, mama mwenye njaa anaweza kupigiwa siku tatu baadaye na kuulizwa kama alipokea kitu. Maji yanapoanza kupanda, daftari hutiwa katika mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa fundo mara mbili, na linapanda mtumbwi wa kwanza pamoja na wagonjwa.

Daftari hilo linatugharimu pesa kidogo sana kununua na pesa nyingi kulitunza. Watu wanahama, wanazaliwa, wanakufa, wanaoa, wanabadilisha nambari. Lazima awepo mtu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi michache, na mtu huyo anahitaji nauli ya bodaboda na posho ya kumwezesha kuacha shamba lake kwa siku hizo. Miaka ambayo tulikuwa na ruzuku yenye nafasi ya gharama hizo, daftari lilikuwa sahihi, na msaada wa fedha uliweza kugawiwa kwa utulivu mara tu ulipoidhinishwa. Mradi ulipoisha, mizunguko ilisimama. Mafuriko yaliyofuata yalitukuta na majina ya marehemu, na siku zetu za mwanzo, ambazo zilipaswa kuwa za kuwahamisha watu, zilitumika kuandika upya orodha chini ya mwembe huku mvua inanyesha.

Katika bajeti za wafadhili, mzunguko wa daftari haumo. Si chakula, si hema, wala si kisima ambacho kinaweza kupigwa picha kikiwa na bango. Huitwa gharama za uendeshaji, na gharama za uendeshaji, katika mikataba mingi ambayo imepita mikononi mwetu, huwekewa kikomo cha asilimia chache tu ya ruzuku, kana kwamba ni mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini. Kodi ya chumba cha ofisi, mshahara wa mhasibu, ada ya mkaguzi wa hesabu, bando la intaneti la kutumia kuwaandikia ninyi ripoti, yote yanabanwa katika kikomo hicho. Matokeo yake tunayaona mwaka baada ya mwaka. Mhasibu tuliyemfundisha anapata kazi katika shirika kubwa la kimataifa na anaondoka, na hatuwezi kumlaumu. Ripoti ya robo mwaka inachelewa. Mfadhili anaandika katika tathmini yake kwamba shirika lina upungufu wa uwezo, na kwa sababu ya upungufu huo ruzuku inayofuata inapitishwa kwa shirika la kati, ambalo linatoa sehemu yake ya uendeshaji kwanza, tena kwa kiwango ambacho sisi tungekiota tu, na linatuajiri sisi kama watekelezaji wa kijijini.

Suala la pili ni wakati, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa kuwa wengi mlioko hapa mnafadhili chakula na mbegu.

Mafuriko ya Tana hayaleti hasara tupu. Yanapoondoka huacha udongo mweusi, mbichi, wenye rutuba, na wakulima wa bonde wamelima kwa kufuata maji hayo tangu kale. Maji yakirudi nyuma hatua kumi, mkulima hufuata hatua kumi na kupanda mahindi, kunde, pojo au matikiti. Udongo huo ukipandwa kwa wakati unaweza kumlisha mtu bila mvua nyingine. Ila jua la Garsen halisubiri. Baada ya wiki chache tabaka la juu linakauka na kupasuka, na mbegu itakayowekwa humo haitaota. Kwa hiyo upo mlango mdogo wa wiki mbili au tatu ambamo mfuko wa mbegu una thamani kubwa kuliko magunia ya unga yatakayoletwa miezi sita mbele. Mkulima aliyefurikiwa hana mbegu, maana mbegu zake zilikuwa juu ya dari la jikoni na jikoni lenyewe limekwenda na maji.

Linganisheni wiki hizo na safari ya ombi la ruzuku. Mafuriko yanatokea, tathmini inafanywa, tunaandika andiko la mradi, ofisa wa ruzuku analipokea na kutuuliza maswali ya msingi ambayo ni halali kabisa, kamati inakaa, bodi inakaa mwisho wa robo mwaka, mkataba unatumwa, tunautia saini, benki inataka barua, fedha zinaingia. Ikiwa kila mtu katika mnyororo huo amefanya kazi yake kwa bidii na uaminifu, mbegu zitafika mwezi wa nne au wa tano baada ya mafuriko. Nimeshuhudia mbegu nzuri, zilizothibitishwa, zikigawiwa kwa watu waliosimama juu ya ardhi iliyopasuka kama kigae. Walizipokea kwa shukrani, wakaenda kuzipika. Picha zilipigwa, ripoti ikaandikwa kwamba lengo la ugawaji limefikiwa kwa asilimia mia, na hakuna neno la uongo katika ripoti hiyo.

Mfano mwingine ni wa ununuzi. Masharti ya ruzuku nyingi hudai nukuu tatu za bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti kabla ya kununua kitu chochote kinachozidi kiwango fulani. Katika mwezi wa kawaida sharti hili ni zuri nasi tunaliheshimu, kwani ndilo linalotulinda dhidi ya tuhuma. Lakini barabara ikiwa imekatika pande zote mbili, na mji mzima ukabaki na duka moja tu lenye maturubai na madumu, mwenye duka hilo hawezi kujigawa mara tatu. Katika mafuriko ya miaka hii tulilazimika kumsubiri ofisa wa mfadhili mmoja, ambaye alikuwa mtu mwema aliyetuonea huruma, atutafutie kibali cha kuruka sharti hilo kutoka kwa mtu aliyekuwa katika saa za nchi nyingine kabisa. Watoto walilala chini ya miti huku maturubai yakiwa dukani, mita mia chache kutoka kwao.

Yote haya yana dawa inayojulikana, na mahali pengine imekwisha jaribiwa kwa fedha nyingi.

Mwaka 2016 Wakfu wa Ford, ambao una ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, ulitenga dola bilioni 1 kwa mpango wake wa BUILD, ambao ulitoa ruzuku za miaka mitano, zenye uhuru wa matumizi, pamoja na fedha za kuimarisha taasisi zenyewe, kwa mashirika yapatayo 300 duniani. Mwaka 2021 ukatenga dola bilioni 1 nyingine. Tangu 2020, Bi. MacKenzie Scott wa Marekani amegawa zaidi ya dola bilioni 19 kwa mashirika zaidi ya 2,000 bila kuyawekea masharti ya matumizi, na kituo cha Center for Effective Philanthropy, ambacho kimefuatilia ruzuku hizo kwa miaka kadhaa, hakikuyakuta mashirika yakiporomoka kwa kulemewa na fedha kama ilivyohofiwa, bali yakiwa imara zaidi. Kuhusu kasi, mfuko wa dharura wa Start, ambao ni wa mtandao wa mashirika ya misaada na ulioanza 2014, umejengwa juu ya kanuni ya kuamua ndani ya saa 72 baada ya shirika mwanachama kupiga kengele. Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mfuko wa namna hiyo tangu 1985, na siku hizi sehemu yake hutolewa kabla ya maafa kutokea, kwa kuzingatia utabiri wa hali ya hewa.

Hapa ndipo ninaporudia zile siku kadhaa za maji kushuka kutoka mabwawani. Masinga linapojaa na kuanza kumwagika, tangazo hutolewa, na sisi wa chini tunajua kwa hakika kwamba maji yanakuja. Huo ni muda wa kutosha kuwavusha wazee, kuhamisha mbuzi, kupandisha mbegu mahali pa juu, kununua mafuta ya injini ya boti kabla bei haijapanda mara mbili, na kuweka dawa ya maji katika kila kambi. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya helikopta. Siku hizo hupita tukiwa na daftari mkononi na akaunti isiyo na kitu, kwa kuwa kwa taratibu nyingi za ufadhili bado hakujatokea maafa, na kisichotokea hakiombewi ruzuku.

Haimaanishi kwamba Wakenya hawana moyo wa kutoa. Julai 2011, ukame ulipowazidia watu wa Turkana na kaskazini, Wakfu wa Safaricom, Wakfu wa KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya, wakaomba shilingi milioni 500 ndani ya wiki nne, na lengo hilo likavukwa, sehemu yake kwa shilingi chache chache zilizotumwa kwa simu na watu ambao wenyewe walikuwa na shida. Naikumbuka kampeni hiyo kwa heshima kubwa. Nasikitika pia kwamba tulisubiri mpaka picha za watoto waliokonda zionekane kwenye televisheni ndipo tufungue mikoba, wakati ukame, tofauti na tetemeko la ardhi, hutoa taarifa miezi mingi kabla.

Sisi wa Pwani tunayo pia mila yetu wenyewe ya fedha zisizosubiri picha. Babu zetu waliweka wakfu nyumba, mashamba ya minazi na maduka, mali isiyouzwa wala kurithiwa, ambayo kodi na mavuno yake yanaendesha msikiti, madrasa na kisima mwaka baada ya mwaka. Mambo yake yanasimamiwa kisheria na Tume ya Wakfu yenye makao hapa Mombasa, chini ya sheria ya mwaka 1951. Aliyeweka wakfu duka hakumwekea imamu kikomo cha mradi wa miezi kumi na miwili. Alitaka taa iwake na maji yawepo, leo na baada ya kufa kwake. Hapa nchini, Wakfu wa Maendeleo ya Jamii Kenya, unaojulikana zaidi kama KCDF, ulioanzishwa 1997 kwa msaada wa Wakfu wa Ford na ule wa Aga Khan, umekuwa ukizisaidia jamii kujiwekea mtaji wa kudumu ambao faida yake tu ndiyo inayotumika. Natamani kuona kila kaunti ya bonde la Tana ikiwa na mtaji wa aina hiyo kwa ajili ya dharura, ukichangiwa na wakfu zenu kwa upande mmoja na na wananchi kwa upande wa pili, shilingi kwa shilingi.

Najua swali lililomo vifuani mwa wengi, na ni swali la haki: je, fedha zikitolewa bila masharti mengi, zitalindwaje? Wizi upo. Umewahi kutokea katika vikundi vidogo, umewahi kutokea katika mashirika makubwa yenye wakaguzi kutoka nje, na kila ulipotokea aliyeumia ni yule yule aliyekosa chakula. Mimi siombi ruzuku zisizo na uwajibikaji. Naomba uwajibikaji uelekezwe kwanza kwa walengwa, ambao ndio wanaojua ukweli. Katika vijiji vyetu orodha ya wanaopokea msaada husomwa katika baraza la chifu mbele ya watu wote, kisha ikabandikwa kwenye ukuta wa shule au wa msikiti pamoja na kiasi alichopokea kila mmoja. Mkaguzi kutoka jijini anaweza kudanganywa na risiti nzuri. Jirani hadanganyiki kuhusu kama nyumba ya pili ilipata magodoro au haikupata, na atasema hadharani, kwa sauti, wakati mwingine kwa maneno makali. Tukiongezea juu ya hapo ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, unaolipiwa na ruzuku yenyewe, mtakuwa na ulinzi imara kuliko mlio nao sasa, na kwa karatasi chache.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, sisi tukiwa bado katika maji, na ni hatua njema tuliyoingoja kwa zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo vikundi vingi vya kijijini vimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, na fomu nyingi za wakfu hazina hata mahali pa kuandika usajili wa aina hiyo. Kikundi cha kina mama kilichohudumia kambi nzima kwa wiki kadhaa hakistahili kuomba, ilhali kampuni ya washauri iliyosajiliwa jijini inastahili. Jambo hilo linaweza kurekebishwa kwa mstari mmoja katika fomu zenu.

Wakati wenyewe nao umebadilika. Mwaka 2016, katika makubaliano yaliyofikiwa Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu itawafikia watendaji wa ndani ya nchi kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Zile zinazowafikia moja kwa moja kabisa hazijagusa hata asilimia 5. Kisha tukaingia 2025, misaada ya serikali ya Marekani ikasimamishwa mwezi Januari, na tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikafungwa. Kwetu kulikuwa na zahanati, miradi ya maji na mishahara ya watu tuliowajua kwa majina iliyotegemea fedha hizo. Serikali za kaunti zina mifuko yake ya dharura, lakini sheria ya usimamizi wa fedha za umma haiziruhusu kutumia katika mwaka mmoja zaidi ya asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, na kwa kaunti masikini asilimia 2 haivuki mto. Wakfu haziwezi kuziba pengo lote hilo, wala hakuna anayewadai hivyo. Zinachoweza ni kuamua kwa uhuru ambao serikali hazina, kwa kuwa bodi ya wakfu inaweza kubadilisha kanuni zake katika kikao kimoja cha asubuhi.

Ndiyo sababu nimekuja na ombi mahususi, si malalamiko. Tunapendekeza kila wakfu unaofadhili mashirika katika bonde la Tana uingie nayo mkataba wa dharura sasa hivi, jua likiwa linawaka. Mkataba huo utaje mapema kiasi cha fedha kitakachotolewa, akaunti itakayopokea, na ishara mbili zitakazofungua mlango: tangazo rasmi la bwawa la Masinga kumwagika, au tahadhari ya mvua kubwa kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Ishara ikitokea, fedha zitoke bila andiko jipya wala kikao kipya, na sharti la nukuu tatu lisimame kwa siku 30, mahali pake pakikaa picha ya bei iliyobandikwa dukani na saini za wanakamati watatu wa kijiji. Sehemu ya mbegu ihifadhiwe katika fungu lake, isiguswe mpaka maji yaanze kurudi nyuma, na siku hiyo itolewe papo hapo. Na katika miaka ambayo hakuna mafuriko, kwa kuwa ipo, robo ya kiasi hicho itumike kuzunguka nyumba kwa nyumba na kulifanya daftari liwe sahihi.

Tumezungumza na wenzetu wa Garissa na Lamu kuhusu pendekezo hili, nao wameliongezea mambo ya kwao, hasa kuhusu chakula cha mifugo na kuhusu akina mama wanaojifungulia kambini, ambao wanahitaji fungu lao lisilochanganywa na la chakula. Mvua za vuli huanza Oktoba, na bodi nyingi zilizowakilishwa hapa zina kikao kimoja tu kabla ya hapo. Rasimu ya mkataba ina kurasa nne, imechapishwa, na nakala ziko mezani karibu na mlango. Baada ya chakula cha mchana mratibu wetu na mhasibu wetu watakuwa katika chumba cha pembeni hadi jioni, tayari kuipitia kifungu kwa kifungu na ofisa wa ruzuku wa wakfu wowote atakayependa kukaa nao.